Uokotaji wa washambuliaji (ligi za fantasi)

Uokotaji wa washambuliaji ni kitendo cha meneja wa timu ya fantasi (kikosi cha kubuni cha wachezaji halisi, kinachopata pointi kwa wanavyocheza) kumchukua, msimu ukiwa umeshaanza, mshambuliaji ambaye hayumo katika kikosi cha mshindani wake yeyote, huku akimwacha mchezaji mmoja wa kikosi chake. Katika kandanda ya Kimarekani anayeokotwa mara nyingi ni mpokeaji wa pembeni; katika soka ni winga au mshambuliaji wa kati. Makala hii inahusu soka zaidi, kwa kuwa ndiyo inayofuatiliwa Butembo, Beni na Kivu ya Kaskazini kwa jumla, na kwa kuwa mfano mzuri kuliko yote wa miaka ya karibuni ni wa Mkongo, Yoane Wissa.

Asili

Mchezo wa fantasi ulizaliwa Marekani. Mwaka 1962 Wilfred Winkenbach, mmoja wa wamiliki wa Oakland Raiders, alitunga kanuni zake pamoja na wenzake, na uteuzi wa kwanza wa wachezaji ulifanyika Oakland mwaka 1963. Kwa upande wa soka, Riccardo Albini aliueneza Italia na Andrew Wainstein akauanzisha Uingereza mwaka 1991. Fantasy Premier League, inayoendeshwa na Ligi Kuu ya Uingereza yenyewe, ilianza msimu wa 2002/03 na sasa ina mameneja zaidi ya milioni 11.

Kanuni

Fantasy Premier League ya kawaida humpa meneja bajeti ya paundi milioni 100 na kumwachia anunue amtakaye. Watu milioni wanaweza kuwa na mchezaji yuleyule wote kwa wakati mmoja. Humo hakuna kuokota, kuna kununua na kuuza tu. Uokotaji halisi unapatikana katika aina ya pili, Draft, ambamo mchezaji huwa wa meneja mmoja peke yake katika ligi. Mameneja huchagua kwa zamu, na zamu hugeuka kila raundi, hivi kwamba aliyechagua wa mwisho ndiye anayeanza raundi inayofuata. Kila mmoja huchukua wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Hakuna bajeti wala nahodha. Ligi ya watu 8 humeza wachezaji 120, na ligi iliyojaa, ya watu 16, humeza 240. Wanaobaki ndio wa kuokotwa.

Maombi ya kuokota hufungwa saa 24 kabla ya muda wa mwisho wa raundi ya mechi. Meneja hupanga maombi yake kwa mpangilio wa matakwa, na aliye mkiani mwa msimamo ndiye hutangulizwa. Kanuni hii ni ya haki, ingawa viongozi wa ligi huilalamikia kila msimu. Maombi yakishashughulikiwa, waliobaki huchukuliwa na yeyote atakayewahi, hadi muda wa mwisho.

Bao la mshambuliaji lina pointi 4, la kiungo 5. Pasi ya bao 3. Kwa sababu hiyo winga aliyeandikishwa kama kiungo ana thamani kubwa kuliko mshambuliaji mwenye mabao sawa na yake. Dakika 60 uwanjani zinaleta pointi 2, chini ya hapo 1.

Dalili za mshambuliaji wa kuokotwa

Kosa la kawaida ni kumkimbilia aliyefunga mawili Jumamosi. Mabao ya wiki iliyopita yamekwisha kuhesabiwa kwa wengine au hayakuhesabiwa kwa yeyote. Meneja makini hutazama dakika kwanza: nani ameanza mechi mbili au tatu mfululizo, nani alikuwa akiingia dakika ya 75 na sasa anatolewa dakika ya 85. Halafu anauliza nafasi hiyo imetoka wapi. Ikiwa ni kwa sababu mwenye namba ameumia wiki mbili, mwokotaji anapata wiki mbili. Ikiwa mwenye namba ameuzwa, anapata msimu mzima. Baada ya hapo hutazama mashuti anayopiga akiwa ndani ya boksi, kisha kama anapiga kona na penalti.

Penalti pekee zinaweza kumbadilisha mtu. Cole Palmer alianza Agosti 2023 akiwa Manchester City, kwenye bei ya paundi milioni 5 katika mchezo wa kawaida, bila namba ya uhakika kikosini. Alihamia Chelsea tarehe 1 Septemba, akakabidhiwa penalti, na akamaliza msimu na mabao 22, 9 kati yake yakiwa ya penalti, na pointi 244. Kabla yake kuna Riyad Mahrez wa Leicester City, msimu wa 2015/16: bei milioni 5.5 mwanzoni, mabao 17, pointi 240 na kombe.

Ratiba ya timu pinzani hutajwa sana na washauri wa fantasi. Ina uzito, lakini mdogo kuliko wanavyodai: aliye benchi hafungi hata akicheza na timu ya mwisho.

Yoane Wissa

Wissa alizaliwa Septemba 1996 Épinay-sous-Sénart, Ufaransa, na huichezea Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tangu 2020. Brentford ilimnunua kutoka Lorient Agosti 2021, wiki chache baada ya kumwagiwa tindikali usoni nyumbani kwake na kufanyiwa upasuaji wa macho. Mabao yake ya ligi yalikwenda hivi: 7, 7, 12, kisha 19 katika 2024/25.

Kupanda huko kunaeleweka kukiwekwa karibu na jina la Ivan Toney, mshambuliaji mkuu wa Brentford. Toney alifungiwa miezi 8 kuanzia Mei 2023, kisha akauzwa Saudi Arabia Agosti 2024. Nafasi ilipofunguka nusu, Wissa alifika 12. Ilipofunguka yote, alifika 19. Aliyesoma habari ya kuuzwa kwa Toney mapema alikuwa na siku chache tu za kumchukua Wissa kabla wengine hawajaamka. Dhidi ya Manchester City, Septemba 2024, alifunga sekunde ya 22, kisha akaumizwa kifundo katika mechi hiyohiyo. Waliomwacha wakati huo walimwona akirudi na kufunga kwa mpinzani.

Upande wa pili wa habari ni Septemba 2025. Newcastle United ilikuwa imemnunua kwa paundi zipatazo milioni 55. Tarehe 9, mjini Kinshasa, Kongo iliongoza 2–0 dhidi ya Senegali, bao moja likiwa lake. Ikafungwa 3–2, naye akatoka na goti bovu. Hakuichezea klabu yake mpya hadi Desemba. Meneja aliyemshika kwa mapenzi ya nchi alibeba sifuri karibu miezi mitatu. Katika jambo hili Wakongo ndio walio hatarini zaidi.

Kombe la Mataifa ya Afrika nalo huwaondoa wachezaji katikati ya msimu. Mwanzoni mwa 2024 Wissa alikuwa Kodivaa, ambako Kongo ilimaliza ya nne.

Butembo na Beni

Miji hii miwili iko kwenye saa ya Lubumbashi, saa moja nyuma ya Kasese, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi. Mechi ya kwanza ya Jumamosi ikianza saa 6:30 mchana London, muda wa mwisho huwa dakika 90 kabla: Butembo ni saa 7 mchana wakati wa baridi ya Ulaya, na saa 6 mchana wakati wa kiangazi. Maombi ya kuokota hufungwa Ijumaa saa hiyohiyo. Aliye na ndugu Kasese au Nairobi na akafuata saa yake atadhani amebakiwa na muda, au umemwishia, kinyume cha kweli.

Intaneti ni sharti. Serikali ilipoizima nchi nzima kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi ambao Beni na Butembo ziliahirishiwa hadi Machi kwa sababu ya Ebola na usalama, ilibaki imezimwa takriban wiki tatu. Raundi za 21 na 22 za msimu ule zilichezwa ndani ya kipindi hicho. Timu isiyoguswa huendelea na kikosi cha wiki iliyopita, na sabu huingia wenyewe.

Fantasi haipaswi kuchanganywa na parifoot, ambayo ni kubahatisha kwa pesa. 

Kandanda ya Kimarekani

Humo mpokeaji hupimwa kwa idadi ya mipira anayolengwa, si kwa aliyoidaka tu. Mfano unaotajwa daima ni Puka Nacua wa Los Angeles Rams mwaka 2023: aliteuliwa na klabu raundi ya tano, mpokeaji mwenzake Cooper Kupp akaumia, naye akadaka mipira 10 katika mechi ya kwanza na 15 katika ya pili. Alimaliza na 105, rekodi ya mchezaji mgeni kwa wakati huo. 

Hali ya sasa

Tangu msimu wa 2025/26 kiungo au mshambuliaji hupata pointi 2 akifikisha vitendo 12 vya ulinzi katika mechi, jambo linalowafaa zaidi viungo wakabaji kuliko mawinga. Wakongo wengine waliokuwa Ligi Kuu msimu huo ni pamoja na Noah Sadiki wa Sunderland na Axel Tuanzebe wa Burnley, ambao wote wawili si washambuliaji.