Babu Alikuwa Namba Ngapi?

Kwa wazee wetu wa Songea, kila aliyekwenda mbali kutafuta pesa "alikwenda Tanga". Awe alikata mkonge Muheza, Korogwe au hata Kilosa, ambako si Tanga kabisa, jibu ni hilohilo. Babu mzaa baba naye alikwenda Tanga miaka ya 1940, akaacha mke na watoto wawili. Hakurudi. Habari ya kifo hatukuletewa, kwa hiyo matanga hatukukaa, na shamba lake halijagawanywa hadi leo. Shangazi ndiye aliyenituma: "Wewe si umesoma? Kamtafute kwenye makaratasi."

Haya, makaratasi. Ndugu msomaji, waliokwenda kwenye mkonge waliitwa manamba, na neno lenyewe limetoka kwenye namba. Mwenye shamba alikuwa na haja gani na ukoo wako? Ulipewa namba na kipande, kadi yenye visanduku 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa siku hiyo, kisanduku kimoja kinatiwa alama. Ukishindwa, siku imekwenda bure. Mshahara ni mpaka 30 zitimie, hata wiki sita zikipita.

Walikwenda kwa nini? Kodi, bwana. Serikali ilitaka fedha taslimu, na Songea ilikuwa mbali na reli na mbali na bandari. Tumbaku ilikuja kusaidia miaka ya 1930, lakini si kila mtu alinufaika nayo. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na watu wa kwetu wakawa wanasombwa kwa mkataba. Aliyesaini mkataba aliacha karatasi. Lakini wengi waliukwepa, wakajiendea wenyewe kwa miguu ili wachague shamba na waondoke wanapotaka. Hao walipata uhuru kidogo, sisi wajukuu tukakosa ushahidi.

Nawaonea wivu wajukuu wa watu wa Madeira na Azores, visiwa vya Wareno. Mababu zao walianza kupelekwa Hawaii kulima miwa mwaka 1878, nao pia walikuwa vibarua wa mkataba. Ila wengi walipanda meli na wake na watoto, na orodha za abiria zikabaki. Mjukuu anafungua orodha, anaiona familia nzima. Manamba wetu aliondoka mwanamume peke yake. Karatasi haimjui mkewe.

Tena kuna suala la kabila. P. H. Gulliver, aliyechapisha mwaka 1955 utafiti wake juu ya vibarua waliohama kutoka huku, aliwaangalia Wangoni na Wandendeule. Lakini huko mashambani, Mndendeule aliyetoka chini ya chifu wa Kingoni angeweza kuandikwa Mngoni tu, yakaisha. Sisi ni Wandendeule. Nikitafuta kabila letu peke yake naweza kumruka babu mwenyewe.

Na jina je? La nyumbani ni moja. La ubatizo ni lingine, na hilo angalau lina pa kuanzia, maana wamisionari Wabenediktini wako Peramiho tangu 1898, na kitabu cha ubatizo kwa kawaida humtaja baba na mama. Akifika Tanga, kijana wa bara aliyekaa miaka mingi na Waislamu mara nyingi alisilimu, akawa Saidi au Juma. Huenda nina baba wadogo Muheza wanaoitwa bin Saidi, nasi hapa tunamwombea Yosefu.

Wenzetu wa Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, wanamwita machona mtu aliyekwenda kutafuta kazi akapotelea huko. Neno hilo nilimpelekea Shangazi. Hakulipenda. "Amepotea kwa nani? Huko aliko anajulikana."

Kwa hiyo nitakwenda Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, na majina matatu na makabila mawili mkononi. Juzi Shangazi ameniongezea jambo ambalo hakuwahi kulisema: babu alikatwa kidole gumba cha kulia akiwa mtoto. Wasiojua kuandika walitia dole gumba kwenye mkataba. Yeye atakuwa ametia la kushoto.