Mji Uliojengewa Wapangaji

Ukishafika miaka ishirini na kitu hapa Nairobi, kuna swali linaanza kukufuata: utanunua lini? Mzazi anauliza. Rafiki aliyechukua ploti Joska anauliza. Broka anakutumia picha za mawe ya mpaka kila wiki. Kodi nayo inapanda bila kukuuliza chochote. Unapiga hesabu usiku, hesabu inakataa, unalala ukijilaumu. Lakini swali hilo ni kuukuu kuliko mshahara wako, na mji huu ulishalijibu kabla hujazaliwa.

Nairobi ilianza mwaka wa 1899 kama kambi ya reli. Serikali ya kikoloni ilimtaka Mwafrika afanye kazi, alale, kisha arudi kwao. Makao mengi ya wafanyakazi yalihesabu vitanda, hayakuhesabu familia. Mke na watoto walidhaniwa wako ushago wanalima, kwa hivyo mshahara ulikuwa wa mwanamume mmoja. Ilifika 1954 ndipo kamati ya serikali, iliyoongozwa na Carpenter, ikapendekeza mishahara ianze kuhesabu familia.

Kuna waliojaribu kuwa na chao. Kijiji cha Pangani kilikuwa na Waafrika wenye nyumba zao, wakipangisha vyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kikabomolewa, na baraza la mji likajenga Shauri Moyo kwa ajili ya waliohamishwa. Kule Pumwani, tangu miaka ya 1920, uliruhusiwa kujenga, na wanawake wengi walijenga na kuishi kwa kodi ya vyumba. Lakini ardhi ilibaki ya mji. Kuta zako, udongo wa wenyewe.

Sasa wazee watakwambia, “Sisi tulinunua tukiwa na umri wako.” Ni kweli, baadhi yao walinunua. Kwanza walinunua Buru Buru. Kuanzia miaka ya 1970 zilijengwa nyumba zaidi ya 4,000 pale, fezi baada ya fezi, kwa pesa za shirika la maendeleo la Uingereza, CDC. Mikopo ilipitia HFCK, kampuni ya mikopo ya nyumba iliyoanzishwa 1965, serikali ikiwa na mkono ndani. Karani au mwalimu mwenye kazi ya kudumu alilipa pole pole kwa miaka mingi. Bidii alikuwa nayo, hakuna anayebisha. Lakini nyuma ya bidii hiyo kulikuwa na mtu aliyekubali kukopesha kwa muda mrefu, na mwajiri ambaye angekuwepo mwaka ujao.

Halafu miaka ya 1990 ikaja na moto wake. Mwaka wa 1994 wastani wa riba za mikopo ya benki ulipita asilimia 30. Kwa riba kama hiyo, nyumba unailipa mara kadhaa na bado unadaiwa. Mlango uliofunguka kidogo ukajifunga. Na haujafunguka sana tangu hapo: kufikia 2022, mikopo ya nyumba nchi nzima haikufika 30,000. Nchi nzima! Sensa ya 2019 nayo ilikuta familia takriban 9 kati ya 10 za Nairobi zinapanga.

Kwa hivyo anayepanga Nairobi ndiye mwenyeji wa kawaida. Ajabu ni kwamba siasa zetu zinamchukulia kama mtu wa kupita, vile vile mkoloni alivyomchukulia. Tangu 2023 wenye mishahara wanakatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, ili wengine wanunue. Sheria ya kumlinda mpangaji, je? Ile ya kudhibiti kodi inalinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Tafuta bedsita ya 2,500 Roysambu, kisha uniambie umeipata.

Hapo ndipo wasiwasi wetu unapozaliwa. Wengi hatutamani kuta kwa sababu ya kuta. Tunataka kujua kwamba Januari hatutaamka na notisi, kwamba dipoziti itarudi, kwamba mtoto atamaliza shule pale pale alipoanzia. Mji umetuambia usalama huo unapatikana kwa hatimiliki tu, halafu ukaweka hatimiliki mbali na mshahara.

Basi ukiulizwa utanunua lini, uliza nawe: nani atanikopesha, kwa miaka mingapi, na riba ikipanda nani ataumia? Majibu yakikuridhisha, nunua. Yasipokuridhisha, panga bila aibu. Na mgombea akija kuomba kura akiahidi funguo za nyumba, mwulize kuhusu ile 2,500.