Shaba ya Likasi na Meza za Brussels

Mji wa Likasi, ulioko Katanga nchini Kongo, kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi, ulipewa mwaka 1931 jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mhandisi Mbelgiji aliyekuwa gavana wa Société Générale, yaani kampuni kubwa ya fedha iliyoanzishwa Brussels mwaka 1822, ambayo ilikuwa na sauti kubwa ndani ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyochimba na kuyeyusha shaba ya eneo hilo. Kwa hiyo mji wa wachimbaji na mafundi wa tanuri ulibeba jina la mtu ambaye kiti chake kilikuwa Ulaya, na jambo hilo linaeleza, vizuri kuliko takwimu za hoteli na kumbi, kwa nini Brussels ikawa mojawapo ya miji inayoongoza duniani kwa mikutano ya biashara na makongamano. Mji huvuta mikutano pale ambapo maamuzi juu ya mali ya mahali pengine hufanyika ndani yake.

Mwanzo wa sifa hiyo ulikuwa wa kisiasa. Ubelgiji ilijitenga na Uholanzi mwaka 1830, na kwa mkataba wa London wa mwaka 1839 mataifa makubwa yaliitambua kuwa nchi isiyofungamana na upande wowote katika vita, hata Mfaransa, Mwingereza na Mjerumani wakaweza kukutana katika mji wake mkuu bila yeyote kuhisi kwamba amekwenda kwa hasimu wake. Reli nayo ilisaidia, kwa kuwa njia ya kwanza ya treni ya mvuke ya abiria katika bara la Ulaya ilifunguliwa kati ya Brussels na Mechelen mwaka 1835. Kufikia mwaka 1853 mji huo ulikuwa umepokea mkutano wa mabaharia kuhusu hali ya hewa baharini, pamoja na kongamano la kwanza la kimataifa la takwimu, lililoandaliwa chini ya uongozi wa mtaalamu Adolphe Quetelet.

Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alitambua mapema faida ya kuwa mwenyeji. Mnamo Septemba 1876 aliwaita katika kasri lake wanajiografia na wasafiri, akiwemo Verney Lovett Cameron, aliyekuwa amevuka bara kutoka Bagamoyo hadi pwani ya Atlantiki na kuandika habari za utajiri wa ndani, nao wakaunda chama kilichodai kuwa cha sayansi na ubinadamu. Mkutano wa pili, ulioanza mwaka 1889 na kumalizika kwa mkataba wa Julai 1890, ulihusu biashara ya watumwa, na miongoni mwa matokeo yake ilikuwa ofisi ya kimataifa ya bahari iliyowekwa Zanzibar ili kufuatilia vyombo vilivyoshukiwa kubeba watumwa. Hapana shaka kwamba baadhi ya wajumbe walikuwa na nia njema. Hata hivyo, mkataba huohuo ulimruhusu Leopold kutoza ushuru wa bidhaa zilizoingia Kongo, ambayo wakati huo aliitawala, na fedha zilikuwa mojawapo ya vitu alivyovihitaji zaidi. Mwaka 1891 Compagnie du Katanga iliundwa Brussels, nayo ikatuma msafara wa William Stairs, ambao ulianzia pwani ya Waswahili na kufika Bunkeya, mji mkuu wa Mwenda Msiri, mtawala aliyeuawa tarehe 20 Desemba mwaka huo na afisa wa msafara.

Union Minière ilisajiliwa tarehe 28 Oktoba 1906, na kuanzia hapo wenyehisa wake, yaani watu na kampuni zilizomiliki vipande vya mtaji, walikutana Brussels kusikia hesabu za mwaka. Shimo lilikuwa Kambove, mtambo wa kusafisha shaba kwa umeme ukawashwa Shituru, Likasi, mwaka 1929, lakini gawio, yaani faida inayogawiwa wenyehisa, liliamuliwa katika ukumbi ambao wafanyakazi wa Shituru hawakuwahi kuuona. Mji wenye mikutano ya namna hii huzaa mikutano mingine: wanasheria, wanabenki, wahandisi na wenye hoteli hukaa karibu na mahali panapotoka fedha. Mwaka 1911 tajiri wa viwanda Ernest Solvay aligharimia mkutano maarufu wa wanafizikia katika hoteli ya Métropole, na Marie Curie, mmoja wa wagunduzi wa radiumu, akahudhuria. Miaka kumi na moja baadaye radiumu kutoka madini ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilianza kutengenezwa Olen, Ubelgiji. Muungano wa Vyama vya Kimataifa, ulioanzishwa na Paul Otlet na Henri La Fontaine, pia una makao yake Brussels, nao huhesabu mikutano ya kimataifa duniani. Kwa bahati, au si kwa bahati, mara nyingi mji wake hushika nafasi ya juu.

Mwaka 1958 maonyesho ya dunia yaliiletea Brussels wageni zaidi ya milioni 40, na Jumba la Makongamano likafunguliwa katikati ya mji. Miaka miwili baadaye lilitumika kwa Mkutano wa Meza ya Mviringo, ambapo wajumbe wa Kongo na wa Ubelgiji walijadili uhuru kuanzia tarehe 20 Januari 1960. Patrice Lumumba, kiongozi wa harakati za uhuru wa Kongo, hakuwepo. Siku hizohizo alihukumiwa Stanleyville na kupelekwa gereza la Jadotville. Wajumbe wa Kongo walisisitiza aachiliwe, naye akatolewa gerezani tarehe 25 na kufika Brussels siku iliyofuata. Tarehe 27 ilikubaliwa kwamba uhuru uwe tarehe 30 Juni. Wale waliolifikisha jina la Jadotville kwenye meza ya Brussels walikuwa wajumbe wenyewe, si kampuni. Mkutano wa uchumi uliofuata Aprili na Mei ulipata uzito mdogo, kwa kuwa viongozi wengi walikuwa nyumbani wakifanya kampeni za uchaguzi, na suala la hisa za serikali katika kampuni kama Union Minière halikutatuliwa kikamilifu.

Kwa kuwa maamuzi bado yalifanyika Brussels, ugomvi wa miaka iliyofuata ulihusu makao ya kampuni. Mwaka 1966 serikali ya Kongo chini ya Mobutu iliitaka Union Minière ihamishe makao makuu yake kwenda Kongo, kampuni ikakataa, na mwanzoni mwa 1967 mali yake ikachukuliwa na kampuni ya taifa, ambayo baadaye ikaitwa Gécamines. Jina la Jadotville nalo likaondolewa, Likasi ikarudi. Hata hivyo, mwezi Februari 1967 uuzaji wa shaba ulikabidhiwa kwa Société Générale des Minerais, ya Brussels. Mkutano wa mwaka wa wafanyabiashara wa madini ya Kongo sasa hufanyika Lubumbashi, na ule mkubwa zaidi wa Afrika, wa Cape Town, umekuwepo tangu miaka ya 1990. Likasi, iliyotoa shaba, haina mkutano wa kulingana na mojawapo ya hiyo miwili.