Tunapima Wakadinali na Rula ya Nani?

Albamu ya hip-hop ikitoka Ijumaa saa sita usiku, Jumamosi asubuhi hukumu ishatolewa. Hii ni klasiki. Ama hii ni takataka. Katikati hakuna, na ukiuliza vizuri unapata wengi hawajafika hata ngoma ya tano. Lakini haraka si ndiyo inaniuma. Mimi kinachonikera ni rula. Msee akitaka kusifu Wakadinali anasema wako kama Wu-Tang. Akitaka kuponda Khaligraph anasema huyu anajifanya Mmarekani. Buruklyn Boyz wakicheza, kuna mjuaji lazima aseme hii kitu watoto wa London walimaliza kitambo. Kila saa tunapima nguo ya Eastlands na futi ya Staten Island ama Brixton, halafu tunashangaa mbona mikono imekuwa mirefu.

Na rula ya hapa iko. Iko tangu 2001. Inaitwa Ni Wakati.

Kama ulizaliwa mwaka huo ama baada, hebu tuanzie hapo. Kalamashaka walikuwa watatu: Kama, Johny na Oteraw, vijana wa Dandora. Jina walilipata na Tafsiri Hii mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati rap ya Kenya ilikuwa bado inatafuta itokee mlango gani. Hardstone alikuwa ametoka na Uhiki, amechukua mdundo wa Marvin Gaye akaupandia Kikuyu na lafudhi ya Jamaika. Moto sana. Ila ilikuwa ngumu kusema hiyo ndiyo sauti ya Nairobi yote. Na kabla Mtanzania anishike shati, ndio, najua Dar walitangulia kurap kwa Kiswahili. Saleh Jabir alikuwa ashafanya hiyo kazi mapema miaka ya tisini, na II Proud, huyu Sugu aliyekuja kuwa mbunge wa Mbeya Mjini, akafuata na albamu zake. Hiyo ni heshima yao na hakuna anayewanyang'anya.

Kalamashaka walileta kitu kingine. Walileta Kiswahili cha mtu ambaye anaishi Dandora.

Dandora yenyewe lazima uielewe. Ni mtaa wa miaka ya sabini, mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia: unapewa ploti iko na maji na choo, nyumba unajijengea kidogo kidogo ukipata pesa. Karibu hapo hapo jiji likaweka jaa lake la taka. Kwa hivyo kuna kizazi kizima kilikua kikiona uchafu wa Westlands na Karen ukiletwa na lori kila siku, na moshi wake ukiingia kwa nyumba. Ukijua hivyo, unaelewa mbona Ni Wakati haina haraka ya kukufurahisha. Ni albamu ya watu wanaongea kwa hasira iliyopoa, hasira ya mtu ashafikiria hii maneno usiku mwingi. Kiswahili chake ni kizito, kina methali za shule na Sheng ya stage ya matatu kwa mstari mmoja, na hakuna mahali inakuomba ruhusa.

Sasa sikiza biti zake. Hizo ngoma zinagonga kama New York ya miaka ya tisini, hakuna siri. Walikopa ngoma, ulimi hawakukopa. Shika hiyo pointi, tutairudia tukifika Buruburu.

Kitu kingine cha hiyo enzi ni kanda. Mimi sijawahi kununua kanda maishani mwangu. Nilizikuta kwa katoni ya mjomba wangu, nikanunua redio ya mtumba ndio nizisikize. (Hiyo ni baada ya kuacha chuo, wakati nilikuwa na muda mwingi na pesa kidogo.) Na manze, kanda inakufunza adabu. Kuruka ngoma ni kazi: unapeleka mbele, unakosea, unarudisha, unakosea tena, mwishowe unaacha tu icheze. Ina upande wa kwanza na wa pili, kwa hivyo msanii alipaswa kufikiria ni ngoma gani itafunga upande mmoja ndio usikie hamu ya kugeuza. Mpangilio ulikuwa sehemu ya maandishi. Leo mtu anakutolea ngoma 20 kwa sababu kila ngoma ni nafasi ya kubonyezwa, halafu anaiita albamu. Hiyo ni mfuko wa viazi, buda.

Miaka iliyofuata ilikuwa tamu, na tunaipita haraka sana tukisimulia. K-South wa Kariobangi South, Bamboo na Abbas, walitoa Nairobbery mwaka wa 2002. Mwaka huo huo Gidi Gidi Maji Maji wakawa na ngoma ambayo NARC iliibeba hadi kwa uchaguzi, na Moi akaondoka. E-Sir wa South C akaacha Nimefika, kisha akafa kwa ajali ya barabara Machi 2003 akitoka Nakuru, akiwa na miaka 21. E-Sir alithibitisha kwamba unaweza kuchezesha watu na bado Kiswahili chako kikawa safi kuliko cha mtangazaji wa habari. Ila ona vile tunamkumbuka: ngoma nne, tano, zinapigwa kwa sherehe, basi. Albamu nzima hakuna anayeizungumzia.

Halafu kuna Kilio cha Haki ya 2004, na hapa naomba uvumilivu kidogo.

Kalamashaka hawakutaka kubaki watatu. Walijenga kambi Dandora wakaiita Mau Mau. Fikiria hilo jina. Mau Mau ilikuwa imepigwa marufuku na Mwingereza mwaka wa 1950, na marufuku hiyo ilibaki kwa sheria za Kenya huru hadi 2003. Kenyatta aliiacha, Moi aliiacha. Kwa hivyo vijana wa Dandora walikuwa wanajiita jina la kundi ambalo, kwa karatasi, lilikuwa bado haramu. Kambi hiyo ikaungana na Ukoo Flani wa Mombasa, na Kilio cha Haki ikarekodiwa Nairobi na marapa kibao, kwa msaada wa wadau kutoka Uholanzi. Hiyo ya Uholanzi huwa inanichoma. Albamu ya maana zaidi ya Eastlands ilihitaji mgeni avuke bahari ndio irekodiwe, na sisi hapa tulikuwa na redio za FM zimejaa jiji, na pesa za matangazo. Mwaka wa 2006 wakafuata na Dandora Burning.

Nguvu ya hizo albamu mbili ni wingi. Sauti zinaingia na kutoka, Dandora inaongea, Mombasa inajibu, mmoja ni mwalimu, mwingine ni mchekeshaji, mwingine amechoka tu. Zinaongea juu ya polisi, juu ya maboi waliouawa, njaa, kanisa. Lakini kila wakati swali liko pale pale: nani amefaidika? Ukimaliza unajua majina ya matatizo na anwani zake.

Baada ya hapo albamu ililala. Ilibidi. Genge ilikuwa imeshika mji, Calif Records ya Clemo pale California, Eastleigh, na Jua Cali na Nonini wakafanya Sheng iwe lugha ya biashara. Mimi genge naipenda, usinielewe vibaya. Lakini genge ilikuwa soko la ngoma moja moja, na River Road walikuwa wanakopi kanda na sidii haraka kuliko msanii mwenyewe. Mwaka wa 2009 Skiza ikaingia kwa simu. Pesa ikahamia kwa mlio wa simu, na mlio wa simu hauna ngoma ya saba. Walioendelea kutoa albamu, kama Octopizzo wa Kibera na Chocolate City yake ya 2012, walikuwa wanafanya kwa ukaidi.

Ndio tufike hapa karibu.

Testimony 1990 ya Khaligraph Jones, 2018. Rula ya Marekani inasema huyu jamaa ana kasi, ana sauti, ana kifua, amefaulu. Rula ya Dandora inauliza: Kayole iko wapi? Na jibu ni kwamba iko, lakini si kote. Khaligraph akisimulia maisha yake, umaskini wa nyumbani na kusota kabla jina lifike, hakuna rapa wa kizazi chake anamfikia. Halafu ngoma inaisha, inaingia nyingine ya klabu, na Kayole inapotea unabaki na mtu ana misuli. Invisible Currency ya 2022 ndiyo inaonyesha hii shida wazi. Wageni ni wengi, kila mmoja ameletwa afungue soko lake. Mahali inapumua ni Ateri Dala na Prince Indah, kwa sababu pale OG anarudi nyumbani, kwa Dholuo, na hatafuti kuonekana. Ningeisikiza albamu nzima ya huyo mtu.

Wakadinali ni hadithi tofauti. Scar, Domani Munga na Sewersydaa walitoa Victims of Madness mwaka wa 2020, mwaka wa barakoa na kafyu, na nadhani hiyo ndiyo albamu ya kwanza baada ya Dandora Burning ambayo ilielewa wingi. Hawa watatu hawafanani. Scar ana ule utulivu wa mtu anakutisha akitabasamu, Munga anakata maneno mahali hukutarajia, Sewersydaa anaingia kama mtu amevunja mlango. Sheng yao ni nzito hadi mtu wa Umoja anaweza kuhitaji mkalimani kutoka Umoja. Hiyo ni sifa. Kalamashaka walikopesha mtaa Kiswahili. Hawa walichukua mtaa wakaurudisha bila kuosha.

Lakini hapa ndipo natofautiana na mashabiki wao, na najua nitatukanwa. Wazee wanasema Wakadinali wanasifu uhalifu. Hiyo ni hoja ya uvivu, maana bunduki na polisi zilikuwa kwa Kilio cha Haki pia. Tofauti ni lile swali. Kwa Kilio cha Haki, boi akianguka, kuna mtu anaulizwa. Kwa Victims of Madness, boi anaanguka, punchilaini inaingia, tunacheka, tunasonga. Jina la albamu limeahidi wahasiriwa, lakini wahasiriwa wenyewe wanaongea mara chache. Najua kuna utetezi: hiyo ndiyo ukweli wa mtaa, kifo kimekuwa kawaida hadi kinachekesha. Sawa. Lakini sisi ndio tunazika hao maboi. Nataka rapa mwenye kipawa cha Scar anikalishe chini kwa mazishi dakika nne bila mzaha, mara moja tu kwa albamu. Ndani ya Cockpit 3 ya 2023 imepigwa safi zaidi, na ni rahisi zaidi kuicheza kwa gari. Bado namngoja huyo boi azikwe.

Sasa Buruburu. East Mpaka London ya Buruklyn Boyz, 2022, ilipigwa mawe kwa sababu ni drill. Watu wakasema Mr Right na Ajay wanaiga. Kuiga nani sasa? Drill ilianza Chicago, London wakaichukua wakabadilisha besi yake, halafu Pop Smoke wa Brooklyn akachukua biti za prodyuza wa London akazirudisha Marekani. Kila aliyeigusa alikopa. Na unakumbuka ile pointi nilikuambia ushike? Kalamashaka walikopa ngoma za New York na leo tunawaita waasisi. Swali la kuuliza Buruklyn Boyz ni lile lile: ulimi ni wa nani? Ulimi ni wa Buru, hata jina lao ni mzaha wa Buru. Ubaya wa hiyo albamu ni mwingine kabisa. Mood ni moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, giza lile lile, kasi ile ile, na ukifika katikati hujui kama ngoma imebadilika. Ingekuwa kanda, hungejua ni upande gani unacheza.

Mahali rula yangu yenyewe ni fupi ni kwa madada. Hiyo kambi ya Dandora ilikuwa ya wanaume, na kila orodha ya klasiki tunayoandika inarithi hiyo kasoro bila kuuliza. Nazizi alikuwa hapo tangu mwanzo, anatajwa kwa mstari mmoja. Muthoni Drummer Queen alitoa She mwaka wa 2018, mwaka mmoja na Testimony 1990, albamu ya hadithi za wanawake, imepangwa kutoka mwanzo hadi mwisho kama mtu aliyekua na kanda. Tafuta mijadala ya albamu bora za mwaka huo uone kama iko. Wengine wanasema si hip-hop kamili kwa sababu anaimba pia. E-Sir alikuwa na viitikio vya kuimba kila mahali, na hakuna siku mtu alimuuliza kitambulisho.