Kutoka Gulio la Pamba hadi Duara la Dhahabu: Kaya Zetu Zilivyovuka Miaka ya Shida



Kila mwaka katika kitabu hiki tunatoa hesabu za chama. Mwaka huu tumeona tuanze na hesabu ya zamani zaidi, ile ya kaya za kwetu, ili kila anayechanga ajue fedha yake inakwenda kuziba pengo gani.

Wazee wetu hawakuwa na benki, lakini akiba walikuwa nayo. Mtama na uwele vilijaa ghalani. Viazi vilikatwa, vikaanikwa, vikawa michembe ya kuvukia njaa. Ng'ombe walikuwa akiba, mahari na bima kwa pamoja. Ngitili ilifungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi ili mifugo isife. Juu ya hayo pamba ilileta fedha taslimu. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na Paul Bomani akiwa mstari wa mbele. Fedha ya gulio ililipa ada, ikanunua bati na plau.

Kisha nguzo hizo zikaanza kung'oka moja moja. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ilizihamisha kaya nyingi, na ngitili zikabaki mbali bila mlinzi. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilifutwa, vikarudi baada ya sheria ya 1982. Miti ilikuwa imefyekwa kwa ajili ya kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba, hata Mwalimu Nyerere akaiita Shinyanga jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulianza mradi wa HASHI. Ulifanikiwa kwa sababu uliwarudishia watu ngitili, jambo ambalo tayari walilijua.

Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Bei ikawa ya kubahatisha na pembejeo za mkopo zikaadimika. Wakati huohuo dhahabu ilikuwa inaita. Tangu 1990 Benki Kuu ilikuwa imeanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo, na vijana wetu wakamiminika Nyarugusu na Rwamgasa. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001, lakini ajira humo hazikuwatosha waliokuwa wakizihitaji.

Tusiwalaumu vijana. Wapo waliorudi na bati na ng'ombe wa kulimia. Wapo pia waliorudi na kifua kibovu. Katika duara mchimbaji hulipwa mgao wa mawe. Mawe yakikosa dhahabu, hana kitu, na chakula alichokula ni deni.

Sisi tunaofanya kazi ya uhasibu mjini tunaona jambo moja katika historia hii. Kaya haikuangushwa na mwaka mmoja wa ukame. Iliangushwa na namna ilivyouvuka mwaka huo. Ghala likiisha mwezi Januari, mama huacha shamba lake bila palizi akapalilie la jirani ili apate debe la mahindi. Baba huuza mpunga ungali shambani kwa bei ya kutupa. Mwisho huuzwa ng'ombe wa plau, na mtoto huacha shule kwenda machimboni. Shida ya miezi miwili inakuwa urithi.

Nasi tulio mjini tumezoea kutuma fedha kukiwa na msiba. Ni vizuri, ila hapo tumeshachelewa. Ndiyo maana harambee ya mwaka huu ni ya ghala la nafaka la kijiji: tununue wakati wa mavuno bei ikiwa chini, tukopeshe Januari, tulipwe kwa nafaka mavuno yanayofuata. Wazee walikuwa na ghala kila mji. Sisi tunaomba moja la pamoja.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Tafadhali jaza kabla ya kufunga kitabu hiki.