Waliozikwa bila jiwe kandokando ya reli

Wengi tunaoishi Syokimau hatuziki huku. Mtu akifariki, jamaa hukodi basi, maiti ikapelekwa "nyumbani", hata kama marehemu amekaa hapa miaka ishirini. Ndiyo maana mtaa una stesheni mbili za reli, lakini neno *mava* hulisikii. Kaburi ni la mtu mmoja. Mava ni mahali pa wafu wote. Tofauti hiyo yafaa tuikumbuke tunapoizungumzia reli.

Wazee wa Ukambani husimulia kuwa mtabiri Syokimau aliona nyoka mrefu akija kutoka baharini. Ujenzi ukaanza Mombasa mwaka 1896, na reli ikafika Nairobi 1899. Nyoka huyo aliacha wafu njia nzima.

Hebu tutazame ni nani aliyepata jiwe. Juni 1900, Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, alikuwa akimvizia simba pale Kima. Usingizi ukamwiba, simba akaingia katika behewa, akamtoa kupitia dirishani. Alizikwa Nairobi, na jiwe la kaburi lake lataja kisa hicho. Hata behewa lenyewe limehifadhiwa katika makumbusho ya reli.

Vibarua kutoka India walikuwa takriban 32,000, na karibu 2,500 walikufa. Hao angalau walihesabiwa. J. H. Patterson, aliyewaua simba wa Tsavo mwaka 1898, aliandika kuwa Wahindi walioliwa ni 28. Waafrika nao walikuwa wengi, ila hawakuwekewa kumbukumbu rasmi.

Basi Mwingereza ana jina, Mhindi ana tarakimu, Mwafrika ana neno "wengi". Hiyo ndiyo iliyokuwa sarufi ya ukoloni, na sisi tungali tunaikariri kila tunaposema "reli ilijengwa", kana kwamba kitenzi hakina mtenda.

Siku hizi *ziara* tumewaachia rais na watalii. Pwani, watu bado huzuru makaburi. Lakini utamzuru vipi asiye na jina? Walimu wa Machakos na Makueni, watumeni wanafunzi kwa ajuza na wazee wa ukoo, wawaulize: nani katika jamii yetu alienda kazi ya reli asirudi? Jina likipatikana, liandikwe. Jiwe litafuata.