Zindiko na kafara

Anayefungua duka Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ya Mbeya, huenda akamwita mchungaji au shehe aombee rafu na droo ya fedha kabla mteja wa kwanza hajaingia. Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo: kuzindika. Zindiko ni kinga ya mwanzo, iwe ya nyumba, shamba au biashara.

China, iliyogharamia reli ya TAZARA iliyojengwa kupitia Makambako kati ya 1970 na 1975, ina desturi inayokaribiana na hiyo. Siku ya 5 ya mwaka mpya wa Kichina, wafanyabiashara wengi huwasha ubani na fataki kumkaribisha Caishen, mungu wa mali. Desturi yao hualika mali. Zindiko letu hufukuza hasidi.

Kafara, tofauti na zindiko, ni sadaka ya kuepusha balaa au kufidia kosa. Mwanzoni mwa 2019 watoto waliuawa mkoani Njombe, na serikali ikayahusisha mauaji hayo na imani za kishirikina za kusaka utajiri. Kuyaita kafara ni kuyapa heshima ya ibada. Mwandishi wa habari aandike mauaji.